Jengo kama Mtaala: Uhakiki wa Kazi ya João Vilanova Artigas

Kazi ya msanifu majengo wa Brazili, João Batista Vilanova Artigas (1915–1985), inaweza kuhakikiwa kama historia ya majengo yake au kama historia ya ualimu wake. Sehemu hii inatetea hoja kwamba utenganishaji huo unapotosha. Jengo lake mashuhuri zaidi, la Kitivo cha Usanifu Majengo na Mipango Miji cha Chuo Kikuu cha São Paulo, ni mtaala uliojengwa kwa zege. Hata hivyo, mtaala huo una pengo ambalo uzuri wa jengo haupaswi kulifunika.

Artigas alihitimu katika Shule ya Politekniki ya chuo hicho mwaka 1937, na mwaka 1948 akawa miongoni mwa waasisi wa kitivo. Mageuzi ya mtaala ya mwaka 1962, ambayo alikuwa mhimili wake, yaliifanya studio kuwa kiini cha mafunzo. Katika mhadhara wake wa mwaka 1967 kuhusu neno la Kireno *desenho*, alionesha kwamba mchoro na kusudi vina asili moja. Kwa mtazamo huo, anayechora hatoi umbo tu. Anatamka pia nia yake kuhusu jamii.

Jengo hilo, alilolisanifu na Carlos Cascaldi kuanzia mwaka 1961, linaitekeleza nadharia hiyo. Halina mlango wa mbele: mpita njia huingia moja kwa moja hadi ukumbi mkubwa wa kati. Ghorofa zimeunganishwa kwa njia pana za mteremko, hivyo mwanafunzi hawezi kwenda darasani bila kuwaona wenzake wakifanya kazi. Nje, kuta nzito zisizo na madirisha zimebebwa na nguzo zinazopungua unene. Mkusanyiko, mjadala na kuonana si mapambo hapa. Ndivyo vinavyoamua mpango wa jengo.

Pingamizi zito zaidi lilitoka kwa mwanafunzi wake, Sérgio Ferro. Kwa Ferro, mchoro wa msanifu huwatenga wanaobuni na wanaojenga, na hivyo hutumikia unyonyaji katika eneo la ujenzi. Pingamizi hili lina uzito. Zege lisilopigwa lipu lina alama za mbao za mafundi, lakini jengo halielezi kazi hiyo ilifanywa kwa masharti gani. Ukumbi unawakutanisha wanaochora. Fundi hana nafasi ndani ya mtaala. Kwa msanifu aliyekuwa mwanachama wa Chama cha Kikomunisti, ukimya huo si jambo dogo.

Hata hivyo, pingamizi hilo halifuti thamani ya jengo. Baada ya mapinduzi ya kijeshi ya mwaka 1964, Artigas alikamatwa, kisha akakimbilia Uruguay kwa muda. Mwaka 1969, kitivo kilipohamia katika jengo hilo, utawala wa kijeshi ulimstaafisha kwa lazima. Alirejea kufundisha baada ya msamaha wa mwaka 1979, akiwa katika cheo cha chini, na mwaka 1984 akalazimika kufanya mtihani ili awe profesa kamili. Utawala uliweza kumwondoa mwalimu, lakini ukumbi usio na mlango ulibaki ukifundisha. Hivyo basi, Artigas anapaswa kupimwa kwa yote mawili: uwazi aliowajengea wanafunzi, na mjenzi aliyebaki nje ya uwazi huo.