Ungamo na Ukweli katika Riwaya ya Upelelezi

Katika fasihi yetu ya Kiswahili, riwaya ya upelelezi imejipatia wasomaji wengi, hasa vijana. Tangu Muhammed Said Abdulla atoe Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, tumemzoea Bwana Msa, mtu asiyeridhika na kauli ya kwamba mzimu ndio ulioua. Huo ndio msingi wa upelelezi: imani ya watu si ushahidi.

Baadhi ya waandishi waliomfuata wameusahau msingi huo. Katika hadithi zao mtuhumiwa hupigwa, hukiri, na kitabu hufungwa. Sisi twaona kwamba hapo ndipo hadithi ingestahili kuanza.

Na tuitazame Shinyanga. Kwa miaka mingi vikongwe wa Usukumani, wengi wao wanawake, wameuawa kwa kushukiwa uchawi. Hata macho mekundu, yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni, yakahesabiwa kuwa dalili. Mwaka 1976 vyombo vya dola vilifanya msako wa kukomesha mauaji katika Mkoa wa Shinyanga na ule wa Mwanza, ambao wakati huo ulijumuisha Geita. Watuhumiwa waliteswa ili wakiri, na baadhi yao walifia kizuizini. Ndipo shauri likageuka: walioulizwa maswali sasa wakawa wapelelezi wenyewe, na baadhi yao wakashtakiwa. Mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu, ingawa hakumpiga mtu kwa mkono wake.

Mwandishi ana mengi ya kujifunza hapo. Mpelelezi afunguaye faili kuukuu halichukui ungamo kuwa mwisho wa shauri. Huuliza lilitolewa wapi, mbele ya nani, na aliyelitoa alikuwa na majeraha gani. Hulinganisha maelezo ya mashahidi ya siku ile na ya leo, maana aliyemwogopa jirani zamani huenda sasa hamwogopi tena. Huvitazama upya vielelezo vilivyowekwa kando. Huuliza pia ni nani aliyerithi shamba na ng'ombe wa marehemu.

Kikongwe aliyeuawa anadai haki, na mtuhumiwa aliyeteswa anadai haki; wala hazipingani. Anapokiri asiye na kosa, muuaji hubaki kijijini, akiteka maji katika kisima kile kile. Kwa hiyo walimu wasomeshapo riwaya hizi, hawana budi kuwauliza wanafunzi wao: ungamo hili lilipatikanaje?