Mafuvu 84, Fuvu Moja: Lilichaguliwaje?

Anayetoka Dodoma kwenda Iringa huvuka Bwawa la Mtera, akapanda mlima wa Nyang'oro, akaingia nchi ya Wahehe. Huko kuna makumbusho mawili yaliyokua kwa njia tofauti kabisa. Boma la Iringa mjini, lililojengwa na Wajerumani kuwa hospitali ya jeshi kisha likawa ofisi za serikali, lilifunguliwa kama makumbusho mwaka 2016. Pale jengo lilitangulia, vitu vikafuata. Kalenga, nje kidogo ya mji, kilitangulia kitu kimoja: fuvu la Mtwa Mkwawa, kiongozi wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani.

Mkwawa alijiua kwa risasi Julai 1898 ili asikamatwe, na kichwa chake kikachukuliwa. Mkataba wa Versailles wa 1919, katika kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu hilo ndani ya miezi sita. Halikuja. Mwaka 1953 gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alikwenda mwenyewe kwenye makumbusho ya Bremen. Alikuta mafuvu yapata 2,000, na 84 kati yake yalitoka iliyokuwa Afrika Mashariki ya Wajerumani.

Hapo ukaanza mchujo wa mafuvu hayo 84, kwa vipimo. Unapima upana wa fuvu, unaugawa kwa urefu wake kutoka paji la uso hadi kisogoni, unazidisha kwa 100. Upana wa sentimeta 13 kwa urefu wa 18 hutoa 72 na ushei. Kigezo kilikuwa vipimo vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai: yaliyokaribiana navyo yalibaki, mengine yakawekwa kando. Katika yaliyobaki, moja tu lilikuwa na tundu la risasi. Likachukuliwa hilo.

Hesabu ya namna hii inaweza kupunguza idadi, lakini haimtambui mtu. Ndugu wa tumbo moja hutofautiana vichwa, na watu wasio na undugu wowote hupata jibu lilelile. Tundu la risasi nalo ni ushahidi mwembamba: kuanzia mapigano ya Lugalo mwaka 1891 hadi vita vya Majimaji, ni wangapi waliouawa kwa bunduki za Wajerumani? Ila udhaifu ninaouona mkubwa zaidi uko mwanzoni kabisa. Mchujo wote ulichukulia kwamba fuvu la Mkwawa limo miongoni mwa yale 84. Kama halikuwamo, hesabu ingetoa jibu vilevile.

Tarehe 19 Juni 1954 fuvu lilikabidhiwa Kalenga kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mtwa Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge kwa miaka mingi. Wahehe walimpokea mtu wao, na heshima hiyo siigusi. Ninachokidai ni kwamba mgeni wa makumbusho ya Kalenga aelezwe mchujo huo hatua kwa hatua, udhaifu wake ukiwemo, na aelezwe pia kuwa mafuvu mengine 83 yalikuwa ya watu waliotoka kwenye nchi hizi hizi, ambao hakuna gavana aliyesafiri kwenda kuwatafuta.