“Gung-ho” katika Sikio la Mswahili

Mswahili aliyehamia Toronto huweza kuambiwa na msimamizi wake wa kazi kwamba yeye ni “gung-ho”, akarudi nyumbani asijue kama amesifiwa au amesutwa. Kamusi haimwokoi. Ikimpa “mwenye ari”, imemsifu. Ikimpa “mwenye kimbelembele”, imemtia aibu. Kiingereza hubeba yote mawili kwa neno moja, na msemaji halazimiki kuchagua. Mfasiri wa Kiswahili hana nafuu hiyo: sharti aipime nia ya msemaji kabla ya kuandika.

Neno lenyewe halikuanza hivyo. Mwaka 1938, China ikiwa vitani na Japani, Rewi Alley wa New Zealand na wenzake walianzisha huko vyama vya ushirika vya viwanda. Jina lake refu la Kichina lilifupishwa likawa silabi mbili, gong na he, yaani kazi na pamoja. Evans Carlson, ofisa wa Marines wa Marekani aliyewahi kukaa China, alizichukua mwaka 1942 ziwe wito wa kikosi chake, ambamo hata askari asiye na cheo aliruhusiwa kusema mkutanoni mbele ya maofisa. Filamu ya mwaka 1943 ikalieneza neno. Lakini lilipotoka kambini, “pamoja” ilisahauliwa. Kilichobaki ni bidii, tena bidii ya mtu mmoja, ile inayoitangulia busara.

Kiswahili kinalo neno la ukoo huo. “Harambee” ulikuwa wito wa wafanyakazi wanaovuta au kuinua mzigo kwa pamoja, na Jomo Kenyatta akaufanya wito wa taifa mwaka 1963. Nalo lilichakaa, ila kwa njia yake: michango ya hiari iligeuka ya kulazimishwa, hata sheria ya maadili ya mwaka 2003 ikawawekea watumishi wa umma mipaka katika kuichangisha. Hata hivyo, hakuna anayemwambia jirani yake, “Wewe ni harambee mno.” Neno hilo limekataa kuwa sifa ya mtu mmoja, bila mvutaji wa pili halisemeki.

Kwa hiyo kumfasiria yule mfanyakazi kwa “harambee” ni kuirudia historia ambayo msimamizi wake haikumbuki. “Ana ari kupita kiasi” ni tafsiri ndefu, haina mvuto, lakini inamwachia msikilizaji shaka ileile aliyoachiwa na Kiingereza. “Kimbelembele” lingoje siku ambayo msimamizi amekunja uso.