Ubao Mmoja, Rangi Nyingi: Chapa za Fred Mutebi

Makala haya mafupi yanahakiki chapa za mbao za Fred Mutebi, msanii wa Uganda aliyesomea Makerere, ambako Margaret Trowell alianzisha mafunzo ya sanaa mwaka 1937.

Mutebi hutumia ubao mmoja kwa rangi zote. Huchonga kidogo, hupaka wino, huchapa nakala zote za rangi ya kwanza. Kisha huuchonga zaidi ubao uleule na kuchapa rangi ya pili juu ya ile ya kwanza. Mwishowe ubao umeliwa na patasi, na nakala haziwezi kuongezwa. Kwa hiyo rasimu ya penseli si pambo: ndipo mahali pekee pa kujisahihisha.

Mada zake ni maisha ya kila siku. Watu wamejipinda na kusongamana, rangi zinang'aa. Je, mng'ao huo haufichi dhiki? Mkazi wa Bwaise, bondeni chini ya kilima cha Makerere, ambako mvua kubwa huingiza maji majumbani, ana haki ya kuuliza. Kwa maoni yangu, rangi peke yake ingeficha; mkato wa patasi, usioweza kurudishwa, ndio unaobeba uzito.

Walimu wenzangu, tuwape wanafunzi zoezi. Washuke Bwaise na daftari, waandike rasimu papo hapo, wairekebishe watakavyo. Kisha darasani waandike insha kwa wino, bila kufuta. Hapo watajua kazi ya rasimu.