Gemu za vita na historia yetu: Mpagazi wa Kariakoo yuko wapi?



Je, yafaa Mwislamu kutengeneza gemu ya kompyuta inayofundisha historia ya vita? Swali hili wapo wanaoliona la upuuzi. Lakini apitaye vibanda vya gemu kuanzia Magomeni Mapipa hadi Kariakoo atawakuta watoto wetu wakipigana vita vya watu wengine. Mtoto asiyejua kilichotokea Tanga mwaka 1914 anazijua bunduki za vita hivyo kwa majina. Basi mafunzo yapo tayari. Linalobaki ni kuyapima.

Tuanze na hukumu. Wapo masheikh wanaoufunga mlango wote, kwa hoja ya picha, upuuzi na kupoteza Swala. Hoja hizo ni nzito na hatuzidharau. Hata hivyo, mafaqihi walikwisha kukutana na mchezo wa vita: sataranji, yenye mfalme, farasi na askari wake. Imam Malik na Imam Ahmad waliikataza. Katika madh-hebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu tunaifuata katika pwani hii, kauli mashuhuri ni kuwa ni makuruhu, nayo hugeuka haramu ikiingia kamari au ikimpotezea mtu Swala. Tunaona hapa kuwa wanazuoni wetu walitazama mchezo unamfanya nini mchezaji. Mizani hiyo ndiyo tutakayoitumia.

Tuchukue Battlefield 1, iliyotoka mwaka 2016, inayohusu Vita vya Kwanza vya Dunia. Imo sehemu ya Bara Arabu, ambapo mchezaji ni mwanamke wa Kibedui anayepigana na jeshi la Dola ya Uthmaniya akiwa pamoja na Mwingereza Lawrence. Waislamu wako pande zote mbili, lakini swali kubwa la vita vile, Mwislamu kumwaga damu ya Mwislamu kwa manufaa ya dola nyingine, halimsumbui mchezaji. Anasonga mbele kwa kuua. Hapo ndipo penye kasoro. Gemu haifundishi kwa maelezo inayoandika kwenye skrini, inafundisha kwa kile inachokitolea alama. Ukimpa mtoto alama kwa kila aliyeuawa, kisha ukamwandikia kuwa vita ni vibaya, atayashika yale ya alama.

Mbaya zaidi ni Six Days in Fallujah, inayohusu vita vya mwaka 2004 nchini Iraq. Kampuni ya Konami iliachana nayo mwaka 2009 baada ya malalamiko. Ikarejeshwa na wengine mwaka 2021, na ikaanza kuuzwa mwaka 2023. Waislamu wa Marekani, kupitia taasisi yao ya CAIR, waliyaomba makampuni yasiiuze. Watengenezaji walisema wanataka watu waelewe vita vile. Lakini mchezaji huingia katika nyumba za watu wa Fallujah akiwa askari wa Kimarekani, na mwenye nyumba anaonekana kupitia mtutu wa bunduki. Huko si kuwaelewa wenye nyumba.

Insafu inatutaka tutaje pia kilicho bora. This War of Mine, ya Wapoland, ilitoka mwaka 2014. Watengenezaji wake walichukua mfano wa mji wa Sarajevo, uliozingirwa kuanzia 1992 hadi 1996, na Waislamu wengi wakiwamo ndani. Mchezaji si askari. Ni raia anayetafuta chakula, dawa na kuni. Akimwibia mzee dawa zake, watu wa nyumba yake wenyewe wanaingiwa na huzuni, na mchezo unakuwa mgumu zaidi. Serikali ya Poland ilitangaza mwaka 2020 kuiingiza katika orodha ya kazi zinazopendekezwa kwa wanafunzi wa sekondari.

Sasa turudi nyumbani. Jina la Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza. Vita vya 1914 hadi 1918 katika nchi hii vilibebwa vichwani na mabegani mwa watu. Wanahistoria wanakadiria kuwa kwa upande wa Waingereza peke yake walikufa wapagazi zaidi ya 95,000, wengi kwa kuhara, homa na njaa, si kwa risasi. Majeshi yakachukua nafaka na mifugo ya watu, na Ugogo ikaingia katika njaa kubwa ambayo wenyeji waliiita Mtunya. Jenerali Lettow-Vorbeck alisalimu amri Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, akaenda kwao na kupokewa kama shujaa. Mwaka 1927 Waingereza wakasimamisha sanamu mjini Dar es Salaam, nayo ni ya askari mwenye bunduki. Mpagazi akabakiwa na jina la soko, na wanaonunua humo wengi hawajui kuwa ni lake.

Gemu ya vita hivi, ikitengenezwa na watu wetu, impe mchezaji mzigo badala ya bunduki. Imfanye achague: agawe unga wake kwa mwenzake anayeharisha, atoroke, au aendelee. Imkutanishe na masuala ya fiqhi yaliyowakuta wazee wetu kweli. Novemba 1914 Dola ya Uthmaniya ilitangaza jihadi, na Wajerumani wakautumia wito huo kwa Waislamu wa nchi hii, hali wao si Waislamu. Je, jihadi ya namna hiyo inasihi? Aliyekamatwa kijijini kwake akavikwa mzigo ni mwenye kulazimishwa, na Sheria ina hukumu zake kwa aliyelazimishwa. Askari wa mshahara je, naye ana udhuru? Wanazuoni wamekubaliana kuwa kulazimishwa hakuhalalishi kuua asiye na hatia. Kijana akiyapitia haya kwa mkono wake atayauliza msikitini.

Yapo masharti. Kwanza, kusiwe na kamari wala vitu vya kununua kwa bahati nasibu. Pili, mchezo uweze kusimama mahali popote bila hasara, ili adhana isishindane nao. Tatu, na hili ndilo zito, pawe na isnadi. Surat Al-Hujurat, aya ya 6, imetuamrisha kuzichunguza habari, na Ibn Khaldun aliwalaumu wanahistoria walionakili hesabu za majeshi bila kuzipima. Mtengenezaji aonyeshe wazi lipi limepokewa na lipi amelitunga, na asiwawekee marehemu maneno midomoni mwao akayaita historia.

Tunawanasihi maimamu wasitosheke na kuwafukuza watoto vibandani, maana wakifukuzwa Mapipa watakwenda Mikumi. Wenye elimu ya historia na wenye ujuzi wa kompyuta wakae pamoja, na masheikh wawepo tangu siku ya kwanza ya kazi, si siku ya kuja kutoa hukumu tu. Wale wapagazi wengi wao hawana makaburi yanayojulikana. Haki yao iliyobaki kwetu ni kuombewa dua na kusimuliwa kwa ukweli.

Wallahu a'lam.