Mrija Upi Unaovuja?

Katika tafsiri moja ya mwongozo wa mafundi wa ndege ndogo, mirija miwili ya kipimamwendo imepewa jina moja: "mrija wa hewa". Hatulikubali. Mrija wa pito, unaokinga upepo wa mbele, ukivuja, mshale huonyesha mwendo pungufu. Ule wa hewa tuli ukivujia ndani ya ndege, mara nyingi mshale huzidisha. Rubani apandaye kutoka Morogoro kuikabili Uluguru, yenye vilele vipitavyo mita 2,600, akidhani ana kasi ya kutosha, huenda akaipunguza hadi mabawa yashindwe kuibeba ndege. "Kuvuja" hakuna kosa. Hata mpira wa baiskeli huvuja. Tunapendekeza "mrija wa pito" na "mrija wa hewa tuli". Fundi aandike upi kabla ya kushika spana.