Mikono Isiyo na Haraka

Kumtoa mzee kitandani na kumweka kwenye kiti cha magurudumu ni ufundi, ingawa anayeufanya hulipwa kama kibarua. Huko Lowell, Massachusetts, Wakenya wengi wanajipatia riziki kwa kazi za namna hii, na aliye hodari kati yao anastahili kutazamwa kwa makini.

Kiti anakiweka upande wa kulia wa mama mzee, kwa sababu kiharusi kimeulegeza ule wa kushoto. Anafunga breki zote mbili, kisha anakitikisa. Vibao vya miguu anavikunja pembeni, maana hunasa visigino. Anamketisha mama ukingoni mwa kitanda, nyayo zikiwa sakafuni, halafu anaanza kumuuliza habari za usingizi. Asiyejua atadhani anapiga soga. Kumbe anamchungulia macho: aliyelala usiku kucha akisimama ghafla presha hushuka, na kizunguzungu humwangusha kabla hajapiga hatua.

Mkanda mpana anaufunga kiunoni, juu ya nguo, ukibana lakini vidole viwili vikipenya. Hapo ndipo pa kushika, si kwapani. Bega la mzee huteguka upesi. “Mama, sogea mbele. Rudisha miguu nyuma. Haya, inama.” Kifua kikienda mbele, makalio huinuka, na mama amesimama kwa nguvu zake mwenyewe. Mhudumu ameongoza tu, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo.

Zamani, katika nyumba za kutunzia wazee nchini Marekani, kulikuwa na njia nyepesi zaidi: kuwafunga wazee vitini wasianguke. Sheria ya mwaka 1987 iliwapa haki ya kutofungwa kwa ajili tu ya kuwapunguzia wafanyakazi kazi. Ilichelewa, kwa maoni yangu. Misuli isiyotumika hunyauka, na wapo walionyongwa na mikanda waliyofungiwa.

Siku hizi adui ni uhaba wa watu: kengele tatu zinalia, mhudumu ni mmoja, na mzee aliyechoka kungoja anainuka peke yake kwenda msalani. Hilo si kosa la mikono.

Hata hivyo, magoti yakimwishia mama njiani, fundi hapambani kumshikilia. Anamvuta karibu, anatanguliza mguu mmoja, anamteremsha taratibu juu ya paja lake mpaka sakafuni huku akikilinda kichwa. Kisha anamwita muuguzi, na mama hainuliwi mpaka apimwe.